Mikono ya Somo

1

Bi Havijawa alininyooshea mikono yake yote miwili kabla sijaiomba, viganja vikiangalia juu. Hilo peke yake lilinitia shaka. Miaka tisa nimekwangua ngozi za watu hapa Ujiji, na sijapata kuona mtu asiye na la kuficha akawa mwepesi namna ile.

"Kwangua, Sikudhani," alisema. "Kwangua mpaka ufike kwenye mfupa. Mikono hii ilimsugua mama yako alipoolewa, ikakusugua na wewe. Leo unaijia na kijiko kama mtu anayekomba ukoko."

"Ni kazi tu, somo."

"Hata mnyongaji husema ni kazi tu."

Nilitoa kikwanguo kwenye mkoba, nikakipitisha taratibu kwenye kiganja cha kulia, kisha katikati ya vidole, kisha chini ya kucha. Mkono ulikuwa kwake, lakini macho yangu yalikuwa kwenye bakuli la udongo pale pembeni, lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na singo: liwa, karafuu na mawaridi yaliyosagwa. Bakuli hilo hilo moja lilitumika kwa kila bibi harusi. Niliuliza huoshwaje. Akanitazama kama vile nimemuuliza yeye mwenyewe huogaje.

"Kwa maji, mwanangu. Wewe chako unakiosha kwa nini, kwa Qurani?"

Mdomo wake huo ulinifurahisha nilipokuwa mwali. Siku ile ulinikera, kwa sababu niliuona kama wa mtu anayejaribu kunitoa kwenye njia.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya mabibi harusi wanne. Wa kwanza alikuwa Tunu, ambaye alianza kujikuna siku ya tisa baada ya ndoa. Siku ya kumi na mbili viwiko vyake na nyuma ya magoti vilikuwa vimechubuka na kutoa majimaji, na shuka za bwana harusi zilikuwa na damu ambayo haikuwa ile wanayoisubiri wazee. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Wa nne alirudishwa kwao, na mkwe wake akasimama barazani akitangaza kwa sauti kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wote wanne walikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni, na wote walikuwa wamewekewa walinzi wa ngozi na kupona. Siku hizi hakuna posa inayojibiwa bila cheti cha ngozi, na vyeti vyote vinne vilisema ngozi ni salama. Sahihi iliyokuwa chini ya kila kimoja ilikuwa yangu.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hutafuta pa kuitua. Watu wawili tu walikuwa wamewagusa wasichana wale wote wanne kabla ya ndoa. Mmoja ni mimi niliyewakagua, na mwingine ni Bi Havijawa, kungwi na somo wao, aliyewasugua siku saba mfululizo. Mimi nina cheti na mashine, na yeye ana bakuli la udongo.

Nilipomaliza kukwangua nilitoa kopo langu la mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nikachovya kidole, nikampaka pale ngozi ilipokuwa imebaki nyekundu. Adabu ni adabu hata kwa mtuhumiwa. Kisha nikalitia bakuli lake kwenye mfuko, nikaufunga kwa utepe wa serikali.

"Kuanzia leo usimguse mwali yeyote," nilimwambia. "Na kwa Hidaya usije tena."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hidaya ni mwanangu, wa pekee. Alikuwa mwali, siku ya pili tangu awekwe ndani, na ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Nani atamsugua?"

"Hatasuguliwa."

"Aingie kwa mume na uchafu wa mwaka mzima?" Alikuwa amesimama sasa, kimbaumbau kile cha miaka sabini na minne, kidole kimeninyookea. "Sikudhani, mimi nimekupa siri zangu zote za ndani. Kama ungeniona mchawi ungesema toka zamani."

Nilitoka bila kuaga. Barazani niligeuka kidogo nikamwona ameinusa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Nalo hilo nililiandika kwenye daftari kama dalili.

2

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo, maana watu hudhani walinzi ni dawa ya kupaka kama dawa nyingine.

Hakuna ngozi isiyo na wakazi. Wewe unayesoma haya unatembea na bakteria wengi kuliko watu wa dunia hii, na wengi wao hawana neno na wewe. Miongoni mwao wapo tunaowaita wa dhahabu, kwa sababu ya rangi yao wakioteshwa kwenye sahani ya maabara. Hupenda kukaa puani. Kwenye ngozi nzima huishi kama wapangaji wastaarabu. Lakini ngozi ya mwenye pumu ya ngozi ni kama ukuta wa matofali uliokosa udongo: unyevu hutoka, na visivyotakiwa huingia. Nani alianza, bakteria au ukuta mbovu, wasomi bado wanabishana. Tunachojua ni kwamba mmoja humwita mwenzake, na wakishakutana hawaachani.

Tena bakteria wa dhahabu ni wambea. Kila mmoja hutoa kiharufu chake. Wakiwa wachache, harufu hupotea hewani nao hukaa kimya. Wakiwa wengi harufu huwa nzito, na kila mmoja hujua kwamba sasa tumetosha. Ndipo kwa pamoja hutoa sumu. Mwili huamka kupigana, hupigana vibaya, na katika vita hiyo hubomoa nyumba yake wenyewe. Mgonjwa naye hujikuna, akawafungulia milango zaidi. Zamani tuliwapiga kwa dawa zinazoua kila kitu, wema na wabaya, na wabaya ndio waliotangulia kurudi.

Walinzi hawaui. Ni bakteria waliotolewa kwenye ngozi za watu wazima wa afya, wakafundishwa kutoa harufu ya kuwavuruga wambea. Wa dhahabu wanabaki pale pale, wengi au wachache, lakini hawasikilizani, kwa hiyo hawajui kama wametosha. Mtu hulala bila kujikuna. Hidaya aliwekewa akiwa na miaka minane.

Sasa kisomaji chetu, mashine ya kutambua bakteria, kilikuwa kimetuonyesha jambo jipya. Mabibi harusi wote wanne walikuwa na wa dhahabu wa ukoo mmoja, waliojifunza kusikilizana katikati ya kelele za walinzi. Tuliwaita sugu. Kisomaji huchora nasaba: huyu mama, huyu binti, hawa ndugu. Nilikitia kile nilichokikwangua mikononi mwa Bi Havijawa, nikakaa nikisubiri huku mguu ukichezacheza wenyewe. Jibu likaja. Ukoo ule ule.

"Nimekukamata," nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani.

Kulikuwa na jambo moja zaidi kwenye mchoro ule. Bakteria wa mikono ya kungwi walikuwa ndugu wa wale wa mabibi harusi. Hawakuwa mama yao. Niliona, na nikaruka. Nikajiambia mama atakuwa bakulini, ingawa bakuli lilikuwa limesomwa asubuhi ile na halikuwa na kitu isipokuwa karafuu.

Daktari Ruhomvya, mkuu wa Kitengo chetu cha Ngozi, alisoma taarifa yangu akiwa amesimama. Ni mtu mpole, mwenye miwani inayoteleza.

"Mila," alisema. "Makao makuu watalielewa hili haraka sana. Mila ni rahisi kuandika."

"Atafutwa?"

"Kanuni ndiyo hiyo. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana hapa, yeye na familia nne, asomewe, atie sahihi."

Kufutwa ni siku arobaini katika chumba cheupe, chini ya taa na sabuni, mpaka ngozi isibakiwe na mkazi hata mmoja, mwema wala mbaya. Kisha unapandikizwa wakazi wapya kutoka kwa ndugu. Vijana wengi huvumilia. Baada ya miaka sitini ngozi mara nyingi hukataa kupokea wageni, na mtu huishi siku zilizobaki akiota fangasi na vidonda. Mzee mmoja tuliyemfuta mwaka juzi hakufika Idi. Nililijua hilo nilipoitia sahihi taarifa. Nilijua pia kifungu kinachofuata, kile ambacho hakuna anayekisoma: chanzo kikiwa mtumishi wa Kitengo au kifaa chake, kila mwenye walinzi aliyeguswa naye hufutwa, awe anaumwa au haumwi, kwa sababu kisomaji hakiwezi kuwaona sugu wakiwa bado wachache.

3

Alhamisi, saa nne asubuhi, tuliitwa Gungu. Fundi Yolamu, seremala, alikuwa ameanza kuvuja mikono.

Nilimkuta karakanani amekaa juu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, mikono imelazwa juu ya magoti. Vidole vilikuwa vimevimba na kupasuka kwenye viungo, na ngozi ya migongo ya mikono ilikuwa na yale magamba ya manjano ninayoyajua hata nikifumba macho. Naye alikuwa na walinzi, wa miaka sita.

"Fundi, pole."

"Nimeshapoa, dada. Randa siwezi kushika tangu Jumatatu."

Nilimkwangua, nikaitia sampuli kwenye kisomaji kidogo cha mkononi, tukasubiri. Wakati tunasubiri nilianza kuuliza, na maswali yangu yote yalikuwa yameshachagua jibu.

"Kuna bibi harusi yeyote umekuwa naye karibu? Shemeji, mpwa? Umekwenda kwenye nyumba yenye mwali?"

"Mimi Mkristo wa Gungu, nikafanye nini kwa mwali Ujiji?"

"Bi Havijawa unamfahamu?"

"Kwa jina. Si yule kungwi? Huyo anagusa wanaume?"

Kisomaji kililia. Sugu. Ukoo ule ule.

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kungwi hamgusi mwanamume. Hampi hata mkono.

"Fikiri vizuri, fundi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Mtu yeyote aliyekugusa ngozi. Ndugu, mteja, mwanamke. Mimi si mchungaji wako, sitakusema."

Akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Mke wangu ana miaka sita kaburini. Nani anishike mimi, msumeno?" Kisha akanitazama kwa aibu. "Labda nikuhesabu wewe. Si ulikuja mwezi wa tatu kukagua? Ukanikwangua hapa hapa, halafu ukanipaka mafuta. Dada, nikwambie kweli, nilikaa siku nzima bila kunawa. Nilikuwa nimesahau mkono wa mwanamke ulivyo."

Nilicheka naye. Nakumbuka kwamba nilicheka, kwa sababu kicheko kile kilikatika nilipolikumbuka kopo.

Kanuni inasema usimpake mtu chochote baada ya kumkwangua. Kanuni iliandikwa na mtu ambaye hakulelewa Ujiji. Huwezi kuingia nyumbani kwa mtu, umparuze kwa chuma, umwache na alama nyekundu, uondoke. Mama yangu angefufuka anizabe kofi. Kwa hiyo nilibeba kopo la mise, na watu walinipenda kwa sababu ya kopo hilo. Walikuwa wakisema wakaguzi wengine wanakuja na glavu kama wanashika maiti, Sikudhani anakupaka kama mama. Kopo likipungua nilijazia juu. Sikuwahi kuliosha. Kwa nini nilioshe kopo la mafuta safi?

Pale pale mbele ya fundi nililitoa. Kwenye ukingo, chini ya kifuniko, kulikuwa na utando mgumu wa rangi ya kahawia, mafuta yaliyoganda na vumbi la ngozi za watu. Niliukwangua, nikautia kwenye kisomaji. Fundi Yolamu aliuliza kama kuna tatizo. Nilimwambia anyamaze kidogo, tafadhali.

Mchoro ulijaa taratibu kwenye kioo. Tunu alikuwa binti, na wale mabibi harusi wengine watatu mabinti. Mikono ya Bi Havijawa ilikuwa binti pia, imewaokota kwa wasichana aliowasugua, na fundi vilevile. Juu yao wote, peke yake, lilikaa kopo langu.

Nilielewa yote kwa mara moja, na nisingependa mtu yeyote aelewe jambo namna ile. Kidole changu kilitoka kwenye ngozi ya mmoja, kikaingia koponi, kikatoka, kikaenda kwa mwingine. Wengi hawakudhurika kwa sababu walinzi wao walikuwa wengi na ngozi imetulia. Lakini bibi harusi husuguliwa siku saba mpaka ngozi iwe nyembamba kama ya kitunguu, na walinzi wake nusu huenda na maji. Fundi naye hujisugua kwa msasa kila siku ya Mungu. Singo ilifungua mlango tu. Mwizi nilimleta mimi, nikamwingiza mwenyewe kwa kidole, na kwa upole.

Kisha nikamkumbuka Hidaya. Kila Alhamisi tangu utotoni namkagua, na nikimaliza nampaka mgongo. Sina mafuta mengine.

4

Nilifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Hidaya alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka, khanga mbili, amechoka na kufungiwa na amenuna kwa sababu hakuna anayemsugua wala kumwimbia.

"Mama, wenzangu wote wamesuguliwa. Mimi nitanukia nini, sabuni ya kufulia?"

"Geuka nikukwangue."

"Si mpaka jioni?"

"Geuka, mwanangu."

Nilimkwangua mgongo, viwiko, nyuma ya masikio na nyuma ya magoti. Ngozi ilikuwa nzima, nyororo. Mtu asiyemjua asingeamini. Akiwa mdogo alilala amevalishwa soksi mikononi zilizofungwa kwa kamba, na bado asubuhi nilimkuta ameshazitafuna akajichana shingo. Aliwahi kuniuliza, ana miaka sita, kama huko peponi watu wana ngozi. Nikamwambia wanayo. Akasema basi hataki kwenda.

Kisomaji kililia. Hawajaonekana.

Nilikaa chini. Nililia, na sioni aibu kusema. Lakini machozi hayajakauka shaka ikaanza tena, maana ndiyo kazi niliyosomea. Hawajaonekana si sawa na hawapo. Na hata wasingekuwepo, kanuni haiulizi.

"Mama, kuna nini?"

Nilimweleza yote, kopo na fundi na mchoro. Nilimweleza kwamba tangu Tunu nimewapaka watu arobaini na mmoja, na yeye yumo. Kwamba wakifutwa, walinzi wao hufa pamoja na wabaya, na katika kila watano wanaopandikizwa upya, mmoja hawamshiki tena maisha.

Alisikiliza bila kukatiza. Ni msichana mwenye akili, kuliko mimi. Nilitegemea atalia au atanikumbatia. Badala yake aliuliza swali moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kopo liko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Lichome." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeniambia nifunge dirisha. "Mama, nisikilize. Mimi si mzima? Umenisoma sasa hivi, mimi mzima. Wao watakaougua watafutwa mmoja mmoja wakiugua, si ndivyo? Kwa nini tufutwe sote leo?"

"Na somo je?"

Akaangalia mkeka. "Somo ameshaishi," alisema. "Ameolewa mara tatu, amezaa, amecheza ngoma za watu wote. Mimi naanza Ijumaa."

Ningemzaba kofi kama si kwamba maneno yale yale yalikuwa yameshapita kichwani mwangu njia nzima kutoka Gungu. Yeye aliyatamka tu. Ndipo nikamwogopa, na nikajiogopa mimi zaidi niliyemlea.

"Siwezi kurudi kule, mama," alisema, na sasa sauti ilivunjika. "Wewe uliona kwa nje. Hujui. Siwezi."

Sikumwahidi kitu. Nililala siku mbili na kopo lile uvunguni mwa kitanda. Ijumaa nilikwenda jikoni mara tatu, nikasimama mbele ya moto na mkono mtupu, nikarudi.

5

Jumamosi saa tatu Bi Havijawa alikuja amevaa vizuri kuliko wote, baibui jipya, udi. Alikaa kiti cha mbele. Mama zao wale mabibi harusi wanne walikaa ukutani, mbali naye, na mmoja alikuwa ameweka mkoba kwenye kiti cha katikati ili asije akakisogelea. Mwanamke huyo amemwimbia Bi Havijawa nyimbo za shukrani katika arusi tatu.

Daktari Ruhomvya alianza kusoma taarifa yangu. "Mtuhumiwa alionekana akinusa mikono yake." Watu waligeuka kumtazama.

"Nilikuwa nanusa mise," alisema Bi Havijawa. "Sikudhani alinipaka mise iliyochacha. Nikashangaa, mtu wa maabara na mafuta yamechacha."

Hakuna aliyemjali. Daktari alimsogezea karatasi na kalamu. Akaishika kalamu kwa ngumi, kama wazee wanavyoishika, akaanza kutafuta mstari.

"Usitie sahihi, somo," nilisema.

Nilisimama na kulitoa kopo, nikaliweka mezani, nikaweka na kisomaji kando yake kikiwa kimefunguliwa kwenye mchoro. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema mimi ndiye. Nilisema kopo, kidole, miezi minne. Mama Tunu alipiga yowe la kwanza, kisha chumba kizima kikawa cha kwangu, na sitaandika niliyoitwa. Daktari Ruhomvya alivua miwani akaiweka juu ya taarifa yetu nzuri.

Nilikwenda kwa Bi Havijawa nikapiga magoti. Nilitaka kumshika mikono.

Akaiondoa.

"Usiniguse," alisema. "Na usiniombe radhi mbele za watu nikaonekana nina roho mbaya nikikataa. Ulinijia kwangu ukanifungia bakuli. Hukuniuliza hata swali moja la kweli. Ningekuwa na cheti ukutani ungeuliza." Pumzi zilikuwa zikimpanda. "Simama. Magoti yako hayanisaidii kitu."

Nikasimama. Nilikuwa nimedhani, Mungu anisamehe, kwamba ukweli ukishasemwa kuna mzigo utashuka. Haukushuka hata kidogo.

Daktari alikuwa amevuta karatasi mpya. Naye alijua makao makuu watasema nini. "Kifungu cha kumi na mbili," alisema. "Taja wote wenye walinzi uliowapaka tangu tarehe ya kwanza. Daftari lako linasema arobaini."

Ndiyo. Daftari lilikuwa na arobaini. Ukaguzi wa nyumbani kwangu sikuwahi kuuandika. Nani huandika kumpaka mwanawe? Nilikuwa nimeusahau ukweli huo mpaka pale aliposema tarakimu. Hakuna mtu katika chumba kile aliyejua kulikuwa na mtu wa arobaini na moja. Ningeweza kusema kweli yote, kuadhibiwa, kumwokoa somo, na bado nimpitishe mwanangu mlango wa nyuma akiwa mzima.

Nikaanza kutaja. Tunu na wenzake watatu, Fundi Yolamu, pacha wa Buzebazeba, mwalimu wa madrasa na mke wake. Kila jina lilikuwa na mgongo ninaoukumbuka, kiwiko ninachokikumbuka. Daktari aliandika polepole. Nilipofika thelathini na nane sauti ilianza kunikauka, na nikageuka kutafuta maji. Bi Havijawa alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amekaza macho, kichwa kimeinama upande kidogo, vile vile ambavyo mimi nililitazama bakuli lake siku ile. Yeye ndiye aliyemtia Hidaya asali mdomoni siku aliyozaliwa. Alijua nani humpaka mgongo.

Hakufungua mdomo. Aliniacha.

"Arobaini," alisema Daktari Ruhomvya, akapiga mstari chini. "Wameisha?"

"Bado mmoja," nilisema.

Akainua kalamu, akangoja. Nje mtu alikuwa akitangaza dagaa kwa kipaza sauti, na nilimsubiri amalize, apite, aende zake. Alipokwisha kupita sikuwa na sababu nyingine ya kungoja.

"Hidaya Athumani Songoro," nilisema. "Miaka ishirini na mbili, walinzi miaka kumi na minne. Hana kidonda hata kimoja. Naye nilimpaka."